Neshi

Nyumbani kwetu Kiboriloni, mwezi wa saba,
ukungu ukishuka mpaka kwenye kamba ya nguo,
aliyevaa sweta mbili aliitwa neshi.
Aliyesogelea jiko la mkaa kabla ya zamu yake, neshi.
Paka naye.

Tulidhani ni Kichaga.
Shangazi Ndeambiliasia wa Kibosho akacheka mpaka akashika ukuta:
"Hilo la kwenu huko mjini, la Waswahili."
Mwalimu Mtengeti akalizungushia wino mwekundu,
akaandika pembeni: neno gani hili?
Nikampelekea baba daftari. Akanyoa ndevu mpaka mwisho,
akajifuta, ndipo akajibu:
"La kiwandani."

Kiwanda cha kukoboa kahawa, karibu na stesheni.
Msimamizi alikuwa Bwana Walta, mfupi, masikio mekundu,
mtu wa mji wa makaa ya mawe, huko katikati ya Uingereza,
na Kiingereza chake hata karani aliyesoma misheni
alikisikia kama mvua juu ya bati.
Alfajiri ya Julai, akiwakuta wapagazi
wamejikunyata chini ya gunia tupu,
aliwapigia kelele neno hilo moja.
Wakalibeba. Wakalitia irabu mwishoni, kama mpini,
lisiwaponyoke.

Miaka mingi baadaye, maktaba ya mkoa,
nikalikuta ndani ya kamusi nene iliyoliwa na mende:
neno la lahaja. Mtu asiyestahimili baridi.
Halafu, kwa herufi ndogo zaidi, ukoo wake:
miaka elfu na ushei iliyopita
lilikuwa na maana ya laini, basi.
Laini: kiini cha mkate,
parachichi la siku ya nne.
Dharau ilikuja njiani.

Sikumwambia baba upesi. Ningeanzia wapi,
kwamba tusi alilolibeba pamoja na magunia
liliwahi kutosha kuuelezea
utosi wa kichanga?

Mwaka jana, Julai tena, KCMC, wodi ya wanaume,
blanketi mbili na bado meno yanagongana,
akanishika kidole: "Leo neshi ni mimi."
Nikamwambia maana ile ya zamani.
Akatazama dirishani. Mlima haukuwepo, umejifunika.
"Kumbe Walta mwenyewe hakujua," akasema.
Kisha akaniomba soksi,
zile za sufu, si hizi.