Hesabu za Nesta Gwyndaf

Aliniletea risiti zake ndani ya kopo la biskuti,
mwezi Machi, Blaenau Ffestiniog, mvua ikigonga kigae kwa kigae
kama mwalimu anayesahihisha kwa hasira.
Nikafungua. Stempu. Tiketi za basi la Bangor.
Wino. Jibini, ambayo niliikataa.
Mapato ya mwaka mzima, kwa diwani mbili za mashairi:
pauni kumi na nane na peni arobaini.
"Usicheke," akasema. Sikucheka.
Mimi ni mtoto wa Pangani; kwetu mtu aweza kukosa unga
na bado akagombana na jirani juu ya kina kilichopotea.

Hapo tukaelewana. Akanieleza kuwa shairi la Kiwelshi
nalo lina sheria zake: konsonanti za nusu ya kwanza
sharti ziitikiwe na nusu ya pili, moja moja, kwa zamu,
kama mafundi wanaorushiana matofali.
Nikampa yangu: mizani nane, na nane tena,
cha kati kikae, cha mwisho kisiyumbe.
Akahesabu kwa vidole juu ya fomu zangu za kodi.
"Kumbe na wewe umefungwa," akasema, amefurahi.

Mwaka wa sita, kopo likaja na risiti ya buti.
Buti za mlimani, jozi moja, ghali.
"Nilizivaa kutafuta mlango ambao haupo."
Kodi haina safu ya milango isiyokuwepo.
Nikaandika: Utafiti.

Ndipo kitabu kikatoka, cha watoto, kurasa mia tatu:
msichana anashuka chini ya machimbo
anakuta mji ambao watu wake huhesabiwa upya kila usiku
ili asipungue hata mmoja.
Kopo halikutosha tena. Zikaja bahasha za Toronto, za Oslo,
nikaziangalia sufuri, nikavua miwani, nikaivaa.
Juzuu ya pili. Ya tatu. Ya nne, ambayo aliichukia.

Washairi wenzake wakasema amehamia uani,
amekiacha kikao cha wakubwa, anacheza kombolela.
Hakuwajibu. Aliiezeka upya nyumba ya mama yake
kwa mawe yaleyale ambayo baba yake aliyapasua
mpaka mapafu yakajaa vumbi.
Risiti ninayo, ndiyo kubwa kuliko zote,
na pembeni, kwa penseli: ghali, lakini ni yetu.

Kitu kimoja sikukielewa. Kila Novemba:
pauni hamsini, G. Roblin, deni.
Deni gani? Hakuna mkataba, hakuna ankara.
Mwaka wa kumi na nne nikamuuliza.
Akatazama dirisha lililojaa ukungu.
Zamani alifundisha shule ya msingi, pale juu.
Siku moja aliwapeleka watoto machimboni,
na Gethin, wa miaka saba, kamasi mpaka mdomoni,
akashika kufuli la lango la chuma, akauliza:
"Nani amefungiwa, mwalimu? Sisi au yeye?"

"Basi," akasema Nesta. "Mengine yote ni kujazia tu."

Gethin sasa anaendesha gari la taka la halmashauri.
Hudhani hela zile ni za bahati nasibu ya kanisani.
"Na usimwambie. Atataka kusoma, ataona nilipokosea."

Mwaka huu kopo limerudi, lilelile, kutu kwenye kona.
Riwaya zimenyamaza; watoto wale wamekua, wana kodi zao.
Diwani mpya, kurasa arobaini na mbili, Kiwelshi kitupu.
Mapato: pauni ishirini na moja.
"Tumepanda," akasema.
Nikajumlisha mara tatu, kwa heshima.
Chini kabisa, imekunjwa, risiti ya jibini.
Anajua nitaikataa. Huileta kila mwaka.