Piko

Kila Jumatano Mzee Thoya hushuka Malindi
kununua piko, pakiti moja,
huifunga kwenye pindo la kikoi kama hirizi.
Kisogoni humpaka mimi, mkono wake haufiki.
"Si urembo, mwanangu," aliniambia.
"Kwetu Kakuyuni siku hizi mvi ni kesi."

Ana ekari sita, minazi aliyoiacha babaye,
na mpwa anayemwita mchawi
tangu ardhi ipande bei.

Jana alikuja huyo mpwa, Nzai,
pikipiki inanguruma mlangoni.
Alitaka pedi ya wino, ya kidole gumba.
"Mjomba hajui kuandika," akasema, akicheka.
Nikaijaribu kwanza kwa kidole changu,
mwuzaji mwaminifu mie,
nikamrudishia chenji: shilingi ishirini.

Leo Jumatano.
Piko nimeiweka juu ya kaunta tangu asubuhi.
Saa nne.
Saa saba.
Mteja wa sukari amekuja na habari za Kakuyuni,
nikamwambia sukari imekwisha.

Nimesugua vidole kwa sabuni, kwa ndimu, kwa mchanga.
Weusi umeganda kuchani,
nami sijui
ni wa kichwa chake
ama wa shamba lake.