Msoma Nyuzi

Kazi yangu ilikuwa kusoma namba.
Kaka Erchim anapigana, mimi nimekalia ndoo iliyopinduliwa,
macho kwenye kona ya skrini
ambako tarakimu za kijani zinatambaa.
"Fremu?" anauliza bila kugeuka.
Hamsini na nane.
"Nyuzi?"
Themanini na moja, na feni imeanza kulia.

Kadi ile aliinunua kwa mtu wa Neryungri,
kuukuu, haina hata sanduku,
kwa miezi mitatu ya kupakua samaki walioganda.
Aliifungua kwenye meza ya kulia, akaipiga mswaki,
akakwangua grisi iliyokauka kama uji
kwenye sufuria iliyosahauliwa,
akapaka mpya: tone moja, punje ya mchele.
Mama akasema sahani zake zinanuka dawa.

Yakutsk, Januari. Nje nyuzi arobaini na saba chini ya sifuri,
ndani mabomba ya serikali yanatuchemsha hadi tunavua soksi,
na sisi wawili, wajinga, tunatafuta baridi.
Erchim alikuwa akifungua kidirisha kidogo cha juu;
ukungu mweupe ukamwagika, ukatambaa sakafuni,
kadi ikashuka hadi sitini, maua ya Mama yakafa.
Kidirisha kikapigiliwa misumari.

Ndipo ikawa inafika themanini na tatu na kugoma.
Farasi wa kaka anakimbia vipande vipande,
mguu hapa, mguu kule, mkia unafuata baadaye.
"Ana nini huyo?" Mama aliuliza akipita na nguo mbichi.
Imepata moto, nikasema. Inajipunguza mwendo yenyewe
isije ikaungua.
Mama akasimama kidogo.
"Ina akili kuliko baba yenu,"
akaenda kuanika.

Usiku wa tarehe kumi na tisa bomba la mtaa lilipasuka.
Saa nne redieta ilikuwa vuguvugu.
Saa sita ilikuwa chuma tu.
Hita yetu ilikuwa juu kwa Bibi Ogdo, mwenye kifua,
na hakuna aliyethubutu kuitaja.
Mama, ndani ya koti la manyoya, kofia hadi nyusi,
akaketi kitandani kwa Erchim. Akakohoa.
"Washa hiyo gemu yako."
Ipi?
"Ile nzito. Inayolia."

Kaka akapandisha kila kitu hadi mwisho:
vivuli, mvua, manyoya ya farasi unywele kwa unywele,
mwezi ndani ya kila dimbwi.
Tukaligeuza kasha, mgongo wake ukatutazama,
na Mama akakinga viganja kwenye pumzi ile
kama mtu anayepokea kitu asichokiomba.

"Nyuzi?" Safari hii aliuliza yeye.
Sabini na tisa.
Baadaye, sabini na mbili.
"Inapoa!"
Hapana, Mama, akasema Erchim, chumba ndicho kinachopoa.
Yenyewe haijawahi kufanya kazi namna hii.
Kweli. Fremu zilikuwa tisini na sita,
farasi anateleza kama maziwa,
na pumzi zetu zinaonekana mbele ya skrini.

Kulikuwa na dubu wa barafu, wa mwisho, mwenye vichwa viwili.
"Ukimuua?"
Gemu inaisha. Inarudi mwanzo, kadi inapumzika.
"Basi usimuue."
Kaka akamzunguka dubu yule
saa moja, saa mbili, saa tatu,
akimchoma kidogo, akimkimbia, akimrudia,
hata dubu nikamwonea huruma.

Karibu na alfajiri kichwa cha Erchim kililala juu ya vitufe.
Dubu akammaliza kwa pigo moja.
Skrini ikawa nyeusi, feni zikashusha sauti.
Hamsini. Arobaini na nne. Thelathini na nane.
"Nyuzi?" Mama akanong'ona, macho yamefumba,
viganja bado vimekingwa.

Themanini na tatu, nikasema,
nikamsukuma kaka kando,
nikatafuta farasi wake alipo.