Karatasi Fupi

Senglea, Malta, Juni 1942

Filumena wangu,
nakuandikia nyuma ya daftari la duka la dawa.
Ukigeuza utaona nani alikopa mafuta ya nyonyo
mwaka wa thelathini na sita. Usimwambie mtu.

Humu chini ya mwamba tuko mia moja na kumi na wanne
pamoja na mbuzi wa Wistin, tuliyekubaliana kumhesabu
kwa kuwa ndiye pekee kati yetu anayetoa maziwa.
Kuta zinatoka jasho. Mkate ni upana wa kiganja,
cha mtoto, si changu.
Sindano yako bado ninayo. Imezunguka handaki zima,
imeshona soksi, shuka, na mara moja paji la uso la fundi saa,
na kila jioni hurudi kwangu kama mtoto mwenye adabu.

Kazi yangu unaijua: wao wanasema, mimi naandika.
"Mwambie hatujambo." Naandika hatujambo.
"Mwambie nyumba ipo." Naandika ipo,
na vumbi la nyumba linatua juu ya wino mbichi.
Kwako tu ndiko kalamu yangu huvua viatu.

Basi sikia.
Mwezi Machi ililetwa telegramu ya mama Ġakbina.
Maneno kumi na moja. Meli ya Indri. Bahari. Pole.
Alinitazama, mikono mapajani, akisubiri kusomewa,
nami nikasoma:
Mama, nimefika Iskanderia salama,
jua kali, chakula si haba, nimekununulia
kitambaa cha buluu, utashona mwenyewe…
Nilisoma mpaka ulimi ukanikauka.

Tangu hapo kila Jumapili ananiita tumjibu.
Barua tisa. Ziko chini ya godoro langu,
nalala juu yake kama kuku asiyejua kayaatamia mayai gani.

Jana ndege zilipopumzika, akaniita si Jumapili.
"Andika hivi: Mwanangu, Karmni ni msichana mwema,
ila uongo hauwezi.
Mimi kusoma sijui, kuhesabu najua.
Karatasi ilikuwa mstari mmoja na nusu,
yeye akasoma robo saa."

Kalamu ikagoma.
"Andika, binti. Andika pia nilimwacha aendelee
kwa sababu kile kitambaa kilinipendeza."

Taa ilikuwa ikivuta moshi. Mbuzi alikohoa.
Nikataka kumshika mkono, akauondoa,
akaanza kukunja shuka lililokuwa limeshakunjwa.
"Jumapili uje kama kawaida," akasema.
"Watoto wamezoea habari zake."

Filumena, huko Gozo mliko,
kikipatikana kitambaa cha buluu,
hata upana wa leso, hata kilichofifia,
mpe yeyote anayevuka.
Bei usinitajie.

Wako,
Karmni

Sindano sikurudishii kwanza.