Upande wa Barabara

Baba yangu Fernand aliendesha lori la chumvi
miaka ishirini na sita, Sainte-Philomène, jimbo la Kebek.
Saa tisa za usiku, taa ya manjano ikizunguka juu ya paa,
alipita akimwaga punje kwenye lami
kama mtu anayelisha kuku asiowaona.
Barafu ikalainika. Basi la shule likafika.
Hakuna aliyemshukuru.
Nani humshukuru mtu kwa ajali ambayo haikutokea?

Lakini nyumba yetu ilikuwa kwenye kona,
na mbele yake ulisimama ua wa mama, mierezi thelathini na minne,
na mti mmoja wa mepo, ule wa utomvu mtamu,
uliopandwa siku niliyobatizwa.
Kila Aprili, theluji ilipojivua,
ua ulikuwa na nyuso mbili:
upande wa nyumba kijani,
upande wa barabara kahawia,
rangi ya chai iliyosahauliwa kikombeni.

Mama hakuwa mtu wa kelele.
Alivunja kitawi, akakilaza mezani
kando ya sahani ya baba,
karibu kabisa na kichupa cha chumvi.

"Si mimi," baba akasema. "Ni magari yanayorusha maji."
"Na hayo maji, chumvi yameitoa wapi?"
Supu ya njegere ikapoa.

Mzee aliyekula chumvi nyingi tunampisha kiti.
Mti ukila chumvi nyingi hufa kijana,
mizizi imezama majini
na kiu imeukaba.

Oktoba baba akaja na magunia ya viazi ya Gaétan,
vigingi, nyundo, na koti la kazi lenye jina lake kifuani.
"Shibiri mbili kutoka kwenye majani," mama akaamuru.
"Gunia lisiguse mti. Likigusa litalowa,
na chumvi itakaa hapo kama mgeni asiyeaga."
Nailoni alikataa: jua la Machi lingeupika ua mzimamzima.

Basi usiku alimwaga, mchana akakinga.
Ardhi ilipoyeyuka akaburuta mpira wa maji,
akanywesha mashina, akaacha siku, akanywesha tena,
mpaka udongo ukatema.
Lisette wa ng'ambo ya barabara alicheka:
"Fernand, unaosha nini?"
"Naosha kazi yangu."

Alikwenda hata kwenye baraza la mji
kuomba mchanga nusu kwa nusu pale konani.
Bwana Pouliot akamwambia anatia chumvi katika maneno yake.
"Natia chumvi kila mahali," baba akajibu,
"ndiyo shida yenyewe."
Wakacheka. Wakampa mchanga.

Januari ile, mvua ilinyesha ikaganda papo hapo.
Odile, muuguzi, akitoka zamu,
aliteleza konani, akaingia uani na gari lake,
akavunja mierezi mitatu, magunia na vyote.
Alitoka akitetemeka, mzima,
nyuzi za gunia zimenasa kwenye kioo cha pembeni.

Usiku uliofuata lori lilisimama mbele ya nyumba.
Injini inanguruma, taa inapaka kuta manjano, kisha giza, kisha manjano.
Mama alikuwa dirishani, shali juu ya gauni la kulalia.
Sikuona uso wake. Nilimwona baba
ameweka mkono juu ya swichi, anangoja.
Mama aliinamisha kichwa mara moja.
Tukasikia punje zikianguka,
nyingi,
kama mchele unapochaguliwa sahanini.

Pale palipovunjika alipanda waridi la mwituni,
la miiba, lisilojali.
Magunia bado tunayafunga, sasa mimi na Yvan,
na tunabishana kuhusu shibiri.

Mepo umekauka upande mmoja.
Upande mwingine bado unadondosha, Machi, ndoo moja na nusu.
Nikiuonja ule utomvu
husimama kidogo, ulimi umetulia, kutafuta.
Yvan anasema ni mtamu tu.