Mlango wa Tollefsrud

Walishuka watano kwenye treni ya mizigo,
Februari, theluji ikiwafika kiunoni,
na jiko la chuma, na cherehani,
na kasha la chupa za dawa, nusu zimepasuka kwa baridi.
Stesheni ya Velden haikuwapokea ila kwa mbwa.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Ila mwenyeji alikuwa kalala na dondakoo
na mlango wake kaukomea kwa ndani.

Hayo nimeyasoma tu.
Leja ya kwanza huletwa mezani kwangu kila Ijumaa,
ghorofa ya tatu, Idara ya Ankara,
ndani ya mfuko wa plastiki wa duka la mboga.
Sista Rosalind Fettig huibeba kwa mikono miwili
kama anayempelekea mgonjwa uji.
Ana miaka tisini na mmoja.
Shirika lina hospitali thelathini na nne, majimbo sita,
helikopta mbili, na nembo ya njiwa
(Sista anasema ni bata),
na mtawa mmoja.

Mwandiko wa Mama Kunigunda umelala kushoto, kama nyasi za Dakota:

*Bi. Hauge. Mapacha. Amelipa: viazi, magunia mawili.*
*Kijana Schatz. Masikio. Amelipa: nusu nguruwe. Nusu ya pili, Pasaka.*
*Mtu wa reli, jina hatukulipata. Kifua. Amefariki. Hadaiwi.*
*Anders Tollefsrud, seremala. Mguu, siku sitini na moja. Amelipa: mlango.*

Mlango upo hata leo,
wa mwaloni, kati ya mashine ya kahawa na chumba cha eksirei.
Kitasa kimewekwa chini mno,
maana Mama Kunigunda hakuzidi urefu wa ufagio.
Madaktari warefu huinama kuingia kanisani
wakidhani ni adabu yao.

Mimi kazi yangu ni barua.
Siku thelathini, karatasi nyeupe. Sitini, njano.
Tisini, ile ambayo watu hawaifungui.
Dawa ya deni kulipa, walisema wahenga,
hawakusema mtu afanyeje
pale deni lenyewe lilipoanza kwa dawa.

Ijumaa iliyopita skrini ilikuwa wazi:
*Tollefsrud, Joleen. Kifuko cha nyongo.*
*Dola 11,406. Siku tisini.*
Sista akainama, miwani ikining'inia kwa kamba ya kiatu.
"Huyu alishalipa."
"Bado, Sista."
"Alishalipa," na kidole chake kikaacha kwenye kioo
alama ya mafuta ya mikono.

Nikamweleza. Bodi. Mikopo ya jengo jipya.
Hatuchumi faida, lakini umeme tunaulipia.
Akanisikiliza kama anavyosikilizwa mtoto
anayeeleza kwa nini kikombe kimevunjika.
Kisha akasema:
"Usije ukatufanya watakatifu. Soma ukurasa wa arobaini."

Ukurasa wa arobaini.
*Familia, watu saba, ndui. Hapakuwa na nafasi.*
Mtu alijaribu kuukwangua wino ule kwa kisu.
Unasomeka.

"Tuliwarudisha wakiwa kwenye gari la farasi," alisema,
utadhani naye alikuwepo, ameshika taa.
"Kwa hiyo mlango si malipo tu, kijana.
Mlango unatudai."
Akaiacha leja. Hajawahi kuiacha.

Nilibaki peke yangu, saa kumi na moja, giza limeshaingia.
Kwenye fomu kuna kisanduku: *Njia ya malipo.*
Taslimu. Hundi. Kadi. Nyingine.
Nikabonyeza *nyingine*.
Ikafunguka nafasi ndogo, ya herufi ishirini.
Nikaandika: *mlango*.

*Una hakika?* ikauliza mashine,
nayo haina kawaida ya kuuliza mara mbili.
Jumatatu wataniita, najua, na sina la kuwajibu
ila ukurasa.

Huko chini mwaloni ukalia kwenye bawaba.
Mtu alikuwa akiusukuma,
kutoka nje.