Silinda Kumi na Sita

Mwenye gari hilo hajazaliwa, Ndewirwa.
Limeundwa moja tu, la kutazamwa,
linazungushwa juu ya sahani chini ya taa
kama keki ya kipaimara isiyo na wa kuikata.

Nimelibandika ndani ya kifuniko cha sanduku la spana,
hapa Pasua, pasipofika grisi.
Boneti ndefu kuliko kitanda changu,
na chini yake, silinda kumi na sita!
Piga hesabu: Noah nne za mjini
zimefungiwa kifua kimoja.
Muungurumo wake sijausikia. Naujua.

Unaniuliza linakula lita ngapi,
na kama litapanda Kidia masika, utelezi ukianza.
Halipandi. Litakwama pale kwa Mama Aikande,
tutalisukuma wote hadi magotini tope,
nami nitasukuma nikicheka.

Leo nimepanga plagi kuukuu juu ya benchi:
nne za paroko,
sita za Prado ya daktari,
mbili za pikipiki ya Kilawe, hazidai tena,
tatu sikumbuki za nani.
Imepungua moja.

Hiyo unayoning'inizia funguo, Ndewirwa,
hebu ilete.